Namna ya Kusuluhisha Kompyuta Zinazogombea Waya Mmoja: Mwongozo kwa Aliyekwama Same

Lori limetoka Dar es Salaam na mzigo wake. Limepita Korogwe salama, limepita Mombo salama, limeziacha Hedaru na Makanya bila neno. Limefika Same, na dashibodi imewasha kila taa iliyonayo. Taa ya injini, taa ya ABS, taa ya gia, zote zinalalamika kwa pamoja. Mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri ilhali magurudumu yanazunguka. Dereva anaegesha kando, utingo anatafuta mawe ya kuzuia matairi, na kabla kabini haijainuliwa washauri wameshatimia watatu. Wa kwanza anasema kontroli boksi imekufa. Wa pili ana shemeji yake Dar anayeuza kontroli boksi za mtumba. Wa tatu hajawahi kufungua gari, lakini ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wenzake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dakika hiyo. Una jambo moja la kusema, na hatua zote zinazofuata zinalitumikia: kompyuta nyingi zinapotumia njia moja, mkosaji mara chache huwa ni yule anayelalamika. Kwa hiyo njia hupimwa kwanza, na wanaoitumia hupimwa baadaye.

Wajue wagombanaji

Lori la leo halina kompyuta moja. Injini ina yake, giaboksi ina yake, breki zina yake, dashibodi nayo ni kompyuta. Basi la abiria huongeza ya milango, ya taa na ya kiyoyozi. Zamani kila habari ilipita kwenye waya wake, na mafungu ya nyaya yakawa mazito na ghali. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta dawa mwaka 1983, na Februari 1986 ikautangaza mfumo wake uitwao CAN mbele ya wahandisi wa magari mjini Detroit. Mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Malori na mabasi makubwa yalipata kanuni zao juu ya mfumo huohuo, J1939, ambazo kwa kawaida huendeshwa kwa kasi ya biti 250,000 au 500,000 kwa sekunde.

Kwa macho, mfumo wote ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mmoja huitwa CAN wa juu, mwingine CAN wa chini. Kila kompyuta imeunganishwa hapo, kila moja inasikia yote yanayosemwa, na inayosema kwa wakati mmoja ni moja tu. Swali linalozaa matatizo yote ni hili: mbili zikitaka kusema pamoja, nani anatangulia?

Panda na mfereji

Jibu la swali hilo limefanyiwa kazi milimani kwa Wapare muda mrefu kabla ya Detroit. Ukitoka Makanya kuelekea Bangalala na Vudee utakuta ndiva, mabwawa madogo yaliyojengwa na wenyeji tangu zamani, mengi yakianza kama mali ya koo. Mfereji huleta maji ya kijito. Usiku ndiva hujaa, asubuhi hufunguliwa ili maji yatoke kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Bila kukusanywa hivyo, kijito chembamba kingenywewa na udongo njiani, maana upande huu wa Pare ni mkavu na mvua nyingi huishia upande wa mashariki wa milima. Na kwa kuwa mfereji ni mmoja na mashamba ni mengi, kuna zamu, na kuna msimamizi wa zamu.

Mwenye shamba la chini asipopata maji, yeye ndiye anayepiga kelele. Lakini kasoro haiko shambani kwake. Huenda mfereji umebomoka, huenda kuna aliyeuchepusha, huenda wawili wamepewa zamu moja. Mpare anayejua kazi hachukui jembe kwenda kulilima upya shamba la mlalamikaji. Anapanda na mfereji mpaka aone maji yameishia wapi.

Kompyuta zinazogombea waya mmoja hutibiwa hivyohivyo. Anayebadilisha kontroli boksi kwa sababu ndiyo iliyowasha taa amelima upya shamba la mlalamikaji, tena kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Zamu hugawanywaje?

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ina mgawaji. Ndiyo iliyotumika katika kompyuta za viwandani ambazo bodi zake huchomekwa kwenye rafu na kushirikiana ubao mmoja wa nyuma wenye njia za umeme. Mfano maarufu ni VME, uliotangazwa mwaka 1981. Bodi iliyo katika nafasi ya kwanza ndiyo inayogawa zamu. Tutairudia mwishoni, kwa ajili ya wenye rafu.

Njia ya pili, ya CAN, haina mgawaji. Nyaya zenyewe ndizo zinazoamua. Kila ujumbe huanza na namba yake, na namba hiyo hutumwa biti moja baada ya nyingine. Biti ya sifuri huvuta nyaya kwa nguvu, biti ya moja huziachia. Kompyuta inayotuma husikiliza nyaya papo hapo. Ikiwa imetuma moja na imesikia sifuri, inajua kuna mwenye haraka zaidi anayesema, basi inanyamaza na kungoja. Ujumbe wa mshindi hauharibiki hata kidogo na hakuna muda uliopotea.

Kwa hiyo namba ndogo ina haki kubwa. Katika J1939 namba ina biti 29, na tatu za mwanzo ni daraja la uharaka, kuanzia 0 lililo juu hadi 7. Amri ya kupunguza nguvu ya injini husafiri kwa daraja la 3. Habari ya joto la maji husafiri kwa daraja la 6. Ni mpango wa haki: breki zikihitaji injini ipunguze nguvu kwenye mteremko wa Suji, joto la maji litasubiri kidogo.

Utaratibu huu una sharti moja. Kompyuta zote, ya kwanza na ya mwisho, lazima zisikie kila biti kwa namna moja na kwa wakati. Waya ukivuja, ukikatika, ukichepushwa vibaya au ukipoteza rezista yake ya mwisho, mmoja husikia sifuri na mwingine husikia moja. Hapo usuluhishi umevunjika. Hatua zifuatazo ni za kutafuta ulivunjikia wapi.

Hatua ya kwanza: rudisha pochi mfukoni

Usinunue chochote. Usifute misimbo ya hitilafu. Unganisha mashine ya kupimia, soma misimbo ya kila kompyuta, na uiandike kwenye daftari pamoja na jina la kompyuta iliyoitoa. Anayefuta kabla ya kuandika amewaondoa mashahidi barabarani.

Kisha uliza historia. Mazungumzo na dereva huwa hivi:

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kabla haijaanza kuumwa, gari ilifanyiwa nini?"

"Haikufanyiwa kitu, mzee."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Labda redio tu."

"Na nini kingine?"

"Na taa za pembeni."

"Na nini tena?"

"Na chesisi ilichomelewa kidogo, juzi."

Usichoke kuuliza "na nini tena?" mpaka jibu liishe. Redio, taa za ziada, kifaa cha kufuatilia mwendo, kengele ya wizi: kila kilichoongezwa kimegusa nyaya za mtu, na fundi anapaswa kujua kimegusa zipi.

Hatua ya pili: soma nani anamlalamikia nani

Misimbo ya mawasiliano ina adabu yake. Kwenye magari madogo, U0100 maana yake ni kwamba mtoaji hamsikii kompyuta wa injini. U0121, hamsikii wa breki. Kwenye malori, msimbo wa SPN 639 unahusu mtandao wenyewe wa J1939. Chora jedwali: upande mmoja walalamikaji, upande wa pili walalamikiwa.

Ikiwa wote wanamlalamikia mmoja, na yeye yuko kimya, nenda kwake. Kagua kwanza fyuzi yake, umeme wake na ethi yake, kisha plagi yake. Ikiwa kila mmoja anamlalamikia kila mmoja, usiende kwa yeyote. Nenda kwenye njia yao ya pamoja.

Hatua ya tatu: betri na ethi

Kompyuta yenye njaa ya umeme huzima na kuwaka, na kila inapoamka huingilia mazungumzo ya wenzake katikati. Injini ikiwa inanguruma, lori la volti 24 linapaswa kuonyesha takriban 27 hadi 28.5, na gari la volti 12 takriban 13.5 hadi 14.5. Halafu pima ethi ikiwa kazini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya kompyuta, taa na feni zikiwa zimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna bolti yenye kutu au waya uliolegea. Safisha mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena.

Vumbi la upande wa Makanya, ambako malori hupakia jasi, hupenya kila mahali, na mtikisiko wa barabara za mlimani hulegeza kila nati. Kesi nyingi huishia katika hatua hii, kwa gharama ya msasa na spana.

Hatua ya nne: tafuta sitini

Hii ndiyo namba ya kukariri. Kwenye kila mwisho wa nyaya za CAN kuna rezista ya omu 120. Mbili zikiwa sambamba huonyesha omu 60. Toa nyaya za betri, subiri dakika chache kompyuta zilale, kisha pima kati ya CAN wa juu na CAN wa chini.

Kwenye soketi ya pini 16 utawapata kwenye pini 6 na pini 14. Kwenye soketi ya duara ya pini 9, inayotumika kwenye malori mengi, ni pini C na pini D.

Mita ikisema karibu 60, rezista zote mbili zipo na njia haijakatika kati yao. Ikisema 120, rezista moja imepotea au waya umekatika kabla ya kuifikia. Ikisema 40, kuna rezista ya tatu: mtu ameongeza kifaa chenye rezista yake ndani. Ikisema karibu 0, nyaya mbili zimegusana mahali fulani, njiani au ndani ya kifaa kimojawapo, na bado hujui ni wapi.

Kumbuka mambo mawili. Rezista ya mwisho mara nyingi hukaa ndani ya kompyuta, kwa hiyo ukichomoa kompyuta hiyo mita itapanda hadi 120, na hilo si kosa. Pia magari mapya huwa na kompyuta ya lango kati ya soketi na mitandao mingine, kwa hiyo sitini uliyoipata kwenye soketi inakuhakikishia sehemu ile tu. Mtandao ulio nyuma ya lango upimwe kwenye plagi zake.

Hatua ya tano: pima volti, kwa mita

Rudisha betri, washa swichi. Nyaya zikiwa zimetulia, zote hukaa karibu na volti 2.5. Ujumbe unapopita, wa juu hupanda hadi 3.5 na wa chini hushuka hadi 1.5. Mita ya kawaida haina kasi ya kuona hayo, huonyesha wastani: wa juu kama 2.6 au 2.7, wa chini kama 2.3 au 2.4. Jumla yao hukaribia 5. Lori likiwa na betri za volti 24, namba hizi hazibadiliki.

Ukikuta mmoja uko sifuri, umegusa ethi. Ukikuta mmoja una volti ya betri, umegusa umeme. Ukikuta wote wamekaa 2.5 bila kutikisika huku swichi imewashwa, hakuna anayesema.

Taa ya majaribio, ile ya balbu na msumari, iache kwenye boksi lake. Balbu hunywa umeme mwingi kuliko nyaya hizi zinavyoweza kutoa. Itavuruga mazungumzo na huenda ikaumiza kompyuta.

Hatua ya sita: watoe mmoja mmoja

Sasa tunawatafuta wagombanaji wenyewe. Weka mita au osiloskopu mahali unapoiona, kisha chomoa kompyuta moja, angalia, irudishe, nenda kwa inayofuata. Anza na vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Hitilafu ikitoweka kifaa fulani kikichomolewa, umepata eneo: ni kifaa hicho, au plagi yake, au kipande cha waya kinachokwenda kwake. Pima hivyo vitatu kabla ya kutoa hukumu.

Watani wa Wapare husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Katika kazi hii tabia hiyo ni sifa kamili. Hitilafu ya sekunde moja, inayokuja gari likipita kwenye shimo na kuondoka likitulia, ni kesi ya kuku. Ifuate mpaka mwisho. Tikisa fungu la nyaya kipande kwa kipande huku mwenzako akiangalia mita. Ukiiacha leo, itakurudia kwenye kona ya Mbaga usiku.

Hatua ya saba: tafuta wenye namba moja

Kumbuka namba ndiyo haki. Wawili wakianza kusema kwa namba ileile, hakuna anayesikia tofauti, hakuna anayenyamaza, na wote wanajiona washindi. Wanaingia katikati ya ujumbe, mmoja anasema sifuri na mwingine moja, na ujumbe unaharibika.

Hii hutokea kompyuta ya mtumba inapofungwa bila kupangwa, au vifaa viwili vya aina moja vinapowekwa kwenye gari moja. J1939 ina dawa yake. Kila kifaa kina anwani, injini kwa kawaida 0, giaboksi 3, breki 11, na kila kimoja hutangaza madai yake kinapoamka. Wawili wakidai anwani moja, jina la kiwandani lenye thamani ndogo hushinda, na aliyeshindwa asipokuwa na anwani nyingine hulazimika kukaa kimya. Kwa hiyo kompyuta mpya iliyonyamaza mara tu baada ya kufungwa huenda ni nzima kabisa. Imefika na kukuta kiti chake kina mtu.

Hatua ya nane: tafuta mpayukaji

CAN huhesabu makosa. Kompyuta ikishindwa kutuma, huongezewa alama 8 kwenye hesabu ya kutuma. Ikisikia kosa la wengine, huongezewa 1 kwenye hesabu ya kupokea. Ikifanikiwa, hupunguziwa 1. Hesabu mojawapo ikivuka 127, kompyuta hupoteza haki ya kuwakatiza wenzake. Hesabu ya kutuma ikivuka 255, hujitoa kabisa kwenye mazungumzo. Mpango huu ni wa busara, maana mharibifu hujifukuza mwenyewe. Lakini humchanganya fundi: kompyuta iliyojitoa huenda ni mharibifu, na huenda pia ni mnyonge ambaye tawi lake la waya lina kasoro.

Kuna pia kosa lingine, la kifaa chenye namba ndogo kinachosema bila kupumzika. Wenye namba kubwa hawapati zamu. Dashibodi huganda, habari za joto na mafuta huchelewa, na hakuna kilichoharibika isipokuwa adabu. Mashine inayoonyesha ujumbe ukipita itakuambia nani anajirudia kupita kiasi.

Hatua ya tisa: tembea na waya

Ukishajua eneo, tumia macho na vidole. Tafuta mahali fungu la nyaya linaposugua chesisi, linapopita karibu na ekzosi, lilipotafunwa na panya, lilipomwagiwa maji ya presha wakati wa kuoshwa. Fungua plagi, angalia ukijani wa kutu kwenye pini na pini iliyorudi nyuma.

Unapounga, ziunge nyaya mbili kwa urefu ulio sawa, zilehemu au tumia kiungo cha kubana kinachoziba maji, kisha zisokote tena mpaka karibu kabisa na kiungo. Msokoto si pambo. Ndio unaozifanya nyaya zote mbili zipokee kelele za umeme kwa kiasi kilekile, na kompyuta husoma tofauti kati yao. Kwa aina mojawapo ya nyaya za J1939, kiwango ni njia kuu isiyozidi mita 40, vifaa visivyozidi 30, na mchepuko wa kifaa usiozidi mita 1. Anayeunga kifaa kwa waya mrefu uliozungushwa nyuma ya dashibodi amechepusha mfereji.

Kwa mwenye rafu badala ya lori

Kuna wasomaji ambao mashine zao haziendi popote: mitambo ya viwandani na ya kupimia yenye bodi zilizochomekwa kwenye rafu. Kwa VME na jamaa zake, kagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, mgawaji wa zamu awe mmoja, na awe katika nafasi ya kwanza kushoto. Bodi nyingi zina swichi au jampa ya kuipa cheo hicho. Mbili zikiwa na cheo hicho, kila moja inagawa zamu zake, na rafu yote huchanganyikiwa.

Pili, fuata ruhusa inavyosafiri. Bodi huomba kwa moja ya njia nne, zinazohesabiwa 0 hadi 3, na ya 3 ndiyo ya juu kwa mgawaji anayefuata madaraja. Ruhusa hutoka nafasi ya kwanza na kupita bodi kwa bodi kuelekea kulia. Asiyeihitaji humpitishia jirani. Nafasi ikiwa tupu na haina jampa ya kuipitisha ruhusa, waliopo kulia kwake hawatapata zamu hata siku moja. Wataomba, watangoja, watatangaza kosa, na mtu atawabadilisha bure. Ukitoa bodi, weka jampa. Ubao wa nyuma unaojiunga wenyewe nao ukaguliwe swichi zake.

Tatu, waliokaa kulia huonewa na waliokaa kushoto katika njia ileile ya kuomba, kwa sababu ruhusa huwafikia mwisho. Bodi yenye kazi ya haraka isogezwe kushoto, au mgawaji apangwe kugawa kwa mzunguko.

Nne, wapo wanaopata zamu na kuishikilia. Angalia kama bodi imepangwa kuachia njia ikimaliza kazi, au kutoiachia mpaka mwingine aombe. Tano, pima volti 5 kwenye ubao wenyewe, mbali na usambazaji wa umeme, na kagua rezista za mwisho za pande zote mbili. Zima umeme kabla ya kuchomoa bodi yoyote.

Mambo ya kuwakatalia washauri

Mkatalie anayetaka kuchomelea chesisi huku betri imeunganishwa. Nyaya za betri zitolewe, plagi za kompyuta zilizo karibu zichomolewe, na ethi ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Mkatalie anayetaka kubusti gari la volti 12 kwa betri za lori la volti 24.

Mkatalie anayesema "tubadilishe tuone". Kontroli boksi hubeba mipangilio ya gari lake: aina ya injini, funguo, ukubwa wa matairi. Ikipachikwa kwenye gari lingine bila kupangwa, huongeza mgomvi mpya kwenye waya uliokwisha kuelemewa.

Mkatalie pia anayeunga rezista ya ziada kwenye soketi ili mita ionyeshe sitini. Taa zitazimika kwa siku mbili, na waya uliokatika utabaki umekatika.

Neno kwa fundi, kwa mwenye gari na kwa mwalimu

Fundi, andika vipimo vyako: omu kabla na baada, volti za nyaya mbili, volti ya betri, misimbo na majina ya walioitoa. Daftari hilo ndilo litakalokutofautisha na kishoka, na gari likirudi utajua kilichobadilika.

Mwenye gari, lipia muda wa kupima. Fundi aliyetumia saa tatu akakaza bolti moja ya ethi amekuokolea bei ya kontroli boksi. Ukimlipa kwa bolti tu, kesho atajifunza kuuza kontroli boksi.

Mwalimu wa umeme wa magari, katika vyuo vya VETA na kwingineko, wafundishe vijana sitini, mbili na nusu, na msokoto wa nyaya kabla hawajashika mashine ya kusoma misimbo. Mashine humwambia fundi nani amelalamika. Mita na macho yake ndivyo vitakavyomwambia kwa nini.

Na wewe uliyekwama Same leo, mwambie shemeji wa Dar asubiri kwanza. Toa betri, pima kati ya pini mbili, na usitoe shilingi kwa kontroli boksi yoyote kabla hujaiona sitini.